TUSIUZE PUMBA KWA BUTURA

Ndugu wanachama wa Karagwe na Kyerwa,

Butura mnaijua. Kwa ajili ya wasomaji wa mikoa mingine twaeleza kwa ufupi: butura ni kuuza kahawa ingali ua mtini. Mkulima ana shida ya fedha katika mwezi ambao kahawa haijaiva. Mtoto adaiwa shuleni, au kuna mgonjwa nyumbani. Huja bwana mmoja na noti mfukoni, akatazama mibuni iliyochanua meupe, akakata bei aitakayo yeye, na siku ya mavuno huja kuchukua magunia yenye thamani kubwa kuliko kile alichotoa. Serikali imeipiga marufuku butura, ushirika umeikemea, viongozi wameihutubia mpaka sauti zikawakauka, na bado ipo, kwa sababu shida ipo.

Leo twataka kusema juu ya butura ya namna nyingine. Hii haitazami ua wala buni. Hii inatazama pumba.

Msicheke. Twajua kwamba katika mazungumzo yetu neno pumba ni jina la maneno ya ovyo. Lakini yako mambo mengi yaliyoitwa ya ovyo mpaka siku alipokuja mgeni kuyataka, na siku hiyo mwenye mali ndiye aliyekuwa wa mwisho kuambiwa bei.

MABAKI YAMEPANDA CHEO

Katika nchi zenye viwanda vikubwa imezuka homa. Serikali za huko zimewaambia wenye mitambo ya kusafisha mafuta, wenye vituo vya umeme na wenye tanuri za saruji wapunguze makaa ya mawe na mafuta ya ardhini. Basi wanatafuta kitu kingine cha kuchoma, na macho yao yameangukia mabaki: mafuta machafu ya kukaangia, makapi ya miwa, pumba za mpunga, vumbi la mbao, pumba za kahawa. Yale yaliyokuwa taka jana, leo yameandikwa katika vitabu vyao kuwa ni nishati, na penye jina jipya hapakosi dalali.

Jambo hili si la mbali. Kule Kasese, Uganda, kiwanda cha saruji cha Hima kilichoma pumba za kahawa badala ya sehemu ya mafuta mazito, na kikawagawia wakulima miche ya kahawa ili kahawa izidi, na pumba zizidi pamoja nayo. Kule Makueni, Kenya, kampuni ya Kitaliano ya Eni ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu mwezi wa Julai 2022, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mafuta ya kwanza yakasafirishwa kwenda kwenye mtambo wake wa kusafisha mafuta ulioko Gela, Sicily. Mbegu moja iliyotafutwa ni nyonyo, na jina hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu asite. Mwaka 2024 shirika la Ulaya liitwalo Transport & Environment lilitoa ripoti iliyoeleza kwamba wakulima wa Kenya walivunjika moyo kwa mavuno haba na malipo madogo.

Hatusemi kwamba kuna kampuni iliyokwisha tia sahihi Kayanga au Rubwera. Twasema dalili ya mvua ni mawingu. Karagwe na Kyerwa ni wilaya za kahawa ya robusta, nayo robusta yetu huanikwa juani na ganda lake, tofauti na kahawa ya Kilimanjaro ambayo humenywa kwa maji ingali mbichi. Kwa hiyo katika kila kilo mia za kahawa ya maganda zinazopimwa kwenye chama cha msingi, karibu nusu ni pumba. Mtu anayetafuta pumba za kahawa katika Tanzania, akiwa na ramani na akili timamu, atafika kwetu. Afadhali atukute tumekwisha zungumza.

KALAMU NA KARATASI

Mlanguzi haogopi hotuba. Aogopa hesabu. Basi na tupige hesabu, na kila katibu wa chama cha msingi aweza kuirudia juu ya meza yake.

Kilo moja ya pumba kavu, ikichomwa katika mtambo wa mvuke wa kawaida, hutoa takriban uniti moja ya umeme. Kituo kidogo cha megawati 10 hutoa uniti 10,000 kila saa. Kwa hiyo kitakula tani 10 za pumba kila saa, tani 240 kila siku, na hata tukikipumzisha kwa matengenezo, kitamaliza tani 80,000 hivi kwa mwaka. Kahawa safi yote ya Tanzania nzima, ya Kagera na Kilimanjaro na Mbinga na Mbozi na Tarime, imekuwa katika misimu ya karibuni kati ya tani 60,000 na 85,000, na sehemu kubwa yake ni ile inayomenywa kwa maji, isiyoacha pumba kama zetu. Maana yake ni kwamba pumba za nchi nzima, zikikusanywa mpaka punje ya mwisho, hazitoshi kulisha kituo kimoja cha megawati 10.

Na megawati 10 ni nini? Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115. Maporomoko ya Rusumo, hapa hapa mkoani kwetu wilayani Ngara, yana megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi. Pale Murongo, wilayani Kyerwa, maji ya mto Kagera yanazungusha mitambo ya Kikagati yenye megawati zipatazo 14 katika mpaka wetu na Uganda. Mto hauna msimu wa kuvuna. Pumba zina msimu: kahawa yetu huvunwa kuanzia Mei mpaka Oktoba hivi, na miezi mingine mtambo utakula nini? Utakula kuni, ndugu zangu. Utakula mikaratusi, halafu msitu.

Wako watakaosema kwamba pumba hazitachomwa hapa, zitapelekwa mbali kwenye mitambo mikubwa. Mbali wapi? Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966, kiliacha kusafisha mafuta miaka mingi iliyopita, na leo ni maghala ya kuhifadhia. Kile cha Changamwe, Mombasa, kilisimama mwaka 2013. Tena pumba si mafuta. Haziwezi kumiminwa ndani ya mtambo wa kusafisha mafuta kama mtu anavyomimina maziwa katika chai. Zahitaji kwanza mtambo mwingine wa gharama kubwa wa kuzigeuza. Na kutoka Kayanga mpaka bandari ya Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 1,300. Lori la tani 30 likijazwa pumba zilizolegea hujaa mpaka juu kabla halijafika nusu ya uzito wake. Katika joto, kilo mbili na nusu za pumba ni sawa na kilo moja tu ya mafuta mazito. Mtu anayesafirisha mzigo wa namna hiyo kwa dizeli, kupita Biharamulo na Kahama na Singida na Dodoma, ili akauchome badala ya mafuta, ama hajui kuhesabu, ama biashara yake si ya pumba.

Sisi twaamini anajua kuhesabu.

KINACHOUZWA NI SAHIHI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Ikiwa pumba hazitoshi, na safari hailipi, mbona watu wenye suti waendelee kuzitafuta? Kwa sababu kuna soko jingine ambalo halinunui pumba. Lanunua ahadi ya pumba.

Tuchukue mfano wa mbali kidogo ili mambo yaonekane wazi. Iko kampuni ya Uingereza iitwayo Quadrise, iliyoingia katika soko la hisa la AIM, London, mwaka 2006. Kazi yake ni kuchukua mabaki mazito ya mafuta, yale meusi yanayobaki chini mtamboni, kuyachanganya na maji na dawa kidogo, na kuyatoa kama mafuta mbadala ya vituo vya umeme na meli. Ufundi wenyewe si uongo. Venezuela iliwahi kuuza nje mafuta ya jamii hiyo. Wala hatusemi kwamba kampuni hiyo imemdanganya mtu. Lakini tazameni mwenendo wa wanunuzi wa hisa. Mwaka 2021, miaka 15 baada ya kuingia sokoni, bado ilikuwa katika habari za majaribio. Kulikuwa na majaribio katika meli za Maersk, kukawa na mpango wa Saudi Arabia, kukawa na mazungumzo ya Morocco. Ikitoka habari njema, hisa hupanda. Jaribio likiahirishwa, hisa huanguka. Kati ya kupanda na kuanguka wapo watu waliopata fedha nyingi bila kuona hata pipa moja la mafuta hayo, na wapo waliopoteza akiba zao bila kuliona vilevile. Kwa watu wa namna hiyo habari ndiyo bidhaa.

Sasa ondoeni mafuta meusi katika hadithi hiyo, wekeni pumba za Karagwe. Mtu anayetaka kuuza hisa za nishati ya mabaki huko Dubai au London ahitaji nini kutoka kwetu? Hahitaji lori wala mizani. Ahitaji barua. Barua yenye nembo ya chama cha msingi, muhuri wa duara, sahihi ya mwenyekiti na katibu, inayosema kwamba wakulima wa mahali fulani wamekubali kumpa yeye peke yake pumba zao zote kwa miaka 10 au 20. Barua hiyo haimgharimu zaidi ya soda na posho ya kikao. Akiipata, anayo "malighafi ya uhakika". Anaichapa katika kitabu chenye picha za akina mama wanaochuma kahawa, na wenye fedha wanaanza kununua hisa. Akiisha kuuza za kwake, mtambo ujengwe au usijengwe, yeye amekwisha vuna. Sisi tutabaki tumefungwa na mkataba ambao hauna fedha ndani yake, tumekatazwa hata kuzimwaga pumba zetu migombani.

Hiyo ni butura kamili. Tofauti ni kwamba mlanguzi wa butura ya zamani alikuwa akiacha noti mbili tatu mezani.

Waswahili husema, ukipenda boga, penda na ua lake. Hawa wapenda ua tu. Boga hawana haja nalo.

MBONO KABURI

Asiyeamini na aende Pwani. Kuanzia mwaka 2005 hivi nchi yetu ilijaa wageni waliotaka kupanda mibono, ule mti ambao wazee waliuita mbono kaburi. Tuliambiwa mafuta yake yataendesha magari na mitambo ya Ulaya, tena kwamba mti wenyewe haunywi maji, hautaki mbolea, waota hata juu ya mwamba. Huko Kisarawe kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji 11, kwa miaka 99. Mwaka 2011 kazi ikasimama, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na ardhi haikurudi kwa wenyewe. Huko Kilwa kampuni ya Kidachi ya BioShape ilitaka maelfu kwa maelfu ya hekta za vijiji; miti ya asili ilikatwa, mibono iliyopandwa ikawa kidogo, na mwaka 2010 kampuni ikafilisika. Huko Bagamoyo Waswidi walikuja na mipango ya kutengeneza spiriti ya magari kwa miwa. Serikali ikafuta hati yao mwaka 2016, na taifa likajikuta linashtakiwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, likaamriwa kulipa mamilioni ya dola kwa shamba la miwa ambalo halikutoa hata chupa moja ya spiriti.

Angalieni mpangilio wa mambo katika visa hivyo vyote. Karatasi ilitangulia. Ardhi ikafuata. Mafuta hayakuja.

Wala tusijidanganye kwamba mambo haya yanawezekana tu pale mgeni anaposhughulika na wanakijiji wasiosoma. Serikali yenyewe, yenye wanasheria na washauri, iliingia mkataba wa IPTL mwaka 1995 kwa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta. Mtambo ule ulichoma mafuta mazito. Na mafuta mazito ni nini, kama si mabaki? Ni yale yanayosalia baada ya kutolewa petroli, mafuta ya taa na dizeli. Kwa miaka mingi tukanunua masazo ya mitambo ya watu wengine kwa fedha za kigeni, na mkataba ukatudai malipo ya mtambo hata siku ambazo haukuwasha taa moja. Mwisho wake mnaujua: akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, na Bunge zima kukesha mwezi wa Novemba 2014 likiulizana fedha zile zilikuwa za nani. Tulilipia mabaki yao. Sasa wanataka yetu, na wanataka tuyatoe kwa barua.

Watu wa Kyerwa hawahitaji kusafiri kwenda Tegeta kujifunza. Bati la Kyerwa limechimbwa tangu enzi za Mwingereza. Nendeni mkaulize pale machimboni ni shule gani na hospitali gani iliyojengwa kwa bati la wakati ule. Mtaonyeshwa mashimo.

PUMBA NI ZA NANI?

Swali hili halijawahi kuulizwa kwa sauti kwa sababu pumba hazikuwa na bei. Mkulima hupeleka kahawa ya maganda kwenye chama chake cha msingi. Inakwenda kukobolewa kiwandani, kahawa safi inatoka upande mmoja, pumba zinarundikwa upande wa pili, na lile rundo halina jina la mtu. Katika ushirika wetu, kahawa iliyokusanywa ni mali ya mkulima mpaka iuzwe. Ndiyo maana yako malipo ya awali, na yako malipo ya pili. Basi na pumba zake ni mali yake vivyo hivyo, na zikiuzwa, fedha ya pumba lazima ionekane katika malipo ya pili, katika mstari wake peke yake, si kufichwa katika "mapato mengineyo". Na pale kahawa inapouzwa mnadani ingali na maganda, kama ilivyofanyika mkoani kwetu miaka hii ya karibuni, mnunuzi anachukua buni na pumba pamoja. Kama pumba zina soko, basi bei yake na iingie katika bei ya mnada. Haiwezekani mtu akalipia kilo hamsini za buni, akaondoka na kilo hamsini za nishati kama bakshishi.

Lakini kabla ya fedha kuna jambo kubwa kuliko fedha, nalo ni kibanja.

Kibanja cha Karagwe hakikuumbwa na mvua peke yake. Kilijengwa na mikono ya wazee kwa samadi, kwa majani yaliyokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, kwa majivu ya jikoni, kwa kila kilichobaki baada ya kula. Kila mkungu unaopakiwa Omurushaka kwenda Mwanza au Dar es Salaam unaondoka na chakula cha udongo, hasa potasi, na mgomba ni mlafi wa potasi kuliko mimea mingi. Pumba za kahawa zina potasi nyingi. Kwa hiyo pumba zikirudi migombani, tunarudisha sehemu ya deni. Zikienda tanurini Kasese au kokote kwingine, deni linakua. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, walioshirikiana na shirika la MAVUNO na mradi wa CHEMA huko Karagwe, walipima udongo wetu katika miaka ya 2010 wakakuta uchachu na uhaba wa fosforasi. Na walipojaribu mboji yenye mkaa laini ndani yake, mahindi yaliitikia vizuri. Hawakugundua uchawi. Waliona kile bibi zetu walichokifanya na majivu, wakakipima.

Mkumbuke bei ya mbolea ya dukani ilivyoruka mwaka 2021 na 2022, mpaka Serikali ikalazimika kuweka ruzuku. Je, tuuze potasi yetu kwa bei ya taka, kisha tupange foleni kwa kitambulisho kununua potasi iliyovuka bahari? Mkoloni alikuwa akichukua pamba na kutuuzia kaniki. Ukweli ni kwamba yeye angalau alichukua pamba yenyewe.

Ni kweli, na lazima tuseme, kwamba si pumba zote za kumwaga shambani zikiwa mbichi. Mibuni ya robusta ina ugonjwa wa mnyauko fuzari, na mabaki ya mti mgonjwa yaweza kuupeleka ugonjwa kwenye shamba zima. Pumba na zirundikwe, zichanganywe na samadi, zioze vizuri kwanza, ndipo ziende migombani. Maafisa ugani na watu wa TaCRI pale Maruku ndio wa kuulizwa. Hilo ni jambo la kazi, na kazi hatuiogopi.

HATUKATAI BIASHARA

Sasa watasimama watu, tena huenda wakawa wenzetu, watuambie: "Nyinyi mwapinga maendeleo. Pumba zinaoza nje ya viwanda vya kukoboa, zinatoa moshi, watoto wanakohoa. Heri shilingi moja kuliko uozo."

Jibu letu ni kwamba hatukatai kuuza. Twakata kuuziwa. Mwenye haja na pumba na aje msimu wa kahawa, akute mizani, alipe kwa kilo, fedha taslimu, mzigo wa msimu ule, aondoke. Mwakani tutaonana tena kwa bei ya mwakani. Anayetaka miaka 20 na atuonyeshe kwanza mtambo uliosimama juu ya ardhi, wenye bomba na moshi, badala ya picha. Na hata yeye atapewa kile kilichosalia baada ya wakulima wenyewe kuchukua sehemu yao ya kurudisha shambani. Lori linaloleta maganda kiwandani hurudi tupu mara nyingi. Kwa nini lisirudi na pumba?

Tena soko lililo karibu kuliko yote hatujaligusa. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na katika mkakati wake wa mwaka 2024 imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Shule zetu za bweni za Karagwe na Kyerwa zitapikia nini? Gesi ya mtungi ifikapo Murongo imekwisha kupanda bei njiani. Mkaa mbadala wa pumba, ulioshindiliwa palepale kiwandani na vijana wa hapa hapa, waweza kupika ugali na maharage ya wanafunzi elfu moja bila kuvuka mpaka wa wilaya. Majiko yanayokula pumba na vumbi la mbao yamekwisha jaribiwa Karagwe. Si habari ya kuota. Kagera Sugar, kule Missenyi, huchoma makapi ya miwa yake kuendesha mitambo yake yenyewe, na hakuna mtu aliyewahi kumwona bwana kutoka London akiyauzia hisa makapi yale. Yanachomwa pale yalipozaliwa. Hesabu yake inakubali.

Mtu akija na mpango wa namna hii, awe Mtanzania au mgeni, sisi tutakuwa wa kwanza kumkaribisha kahawa. Ubaya hauko katika rangi ya mtu wala pasi yake ya kusafiria. Baadhi ya madalali hodari wa barua hizi tumesoma nao darasa moja.

MKUTANO MKUU NDIO MWENYE KAULI

Mwaka 1937 wakulima wa nchi ya Bukoba walikataa amri za wakoloni juu ya mibuni yao, ingawa walijua watapigwa na kufungwa. Mwaka 1950 kikasimama chama kikuu cha ushirika, BNCU, kwa sababu watu walichoka kuona kahawa yao ikihesabiwa na wengine. Vyama vya leo, KCU na KDCU, vimerithi haki ambayo haikutolewa bure. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 yasema mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya mwisho. Mwenyekiti na katibu ni watumishi wa mkutano huo. Hawana haki ya kuweka muhuri juu ya mali ya miaka 20 katika kikao cha watu watano chumbani hotelini.

Kwa hiyo twataka mambo yafuatayo yafanyike, na twayataka kabla msimu haujafunguliwa. Kila chama cha msingi, kuanzia Nkwenda mpaka Nyaishozi, kipitishe azimio la maandishi kwamba hakuna barua ya kusudio, hati ya maelewano wala mkataba wowote juu ya pumba, majani ya migomba au mabaki mengine ya shamba utakaotiwa sahihi bila kusomwa wote, kwa Kiswahili, mbele ya mkutano mkuu, na nakala kubandikwa ukutani kwa siku 30. KDCU iwaeleze wanachama wake, kwa tani na kwa shilingi, pumba za msimu uliopita zilikwenda wapi. Madiwani wa halmashauri zote mbili waulize swali hilo hilo katika Baraza. Na barua yoyote ambayo imekwisha tolewa kimya kimya mahali popote, iletwe mezani isomwe. Aliyeitia sahihi hatafungwa na sisi, lakini atajibu maswali akiwa amesimama.

Mizani hufunguliwa Mei. Makatibu wa matawi wanaombwa kutuletea, kabla ya siku hiyo, majina ya vyama vya msingi vilivyopitisha azimio na vile vilivyokataa. Tutayachapa yote katika ukurasa huu, ya waliokubali na ya waliokataa.